Kuku 600 wa mayai: nianze na mashine gani ili nichanganye chakula mwenyewe?

KukuMiaSita

Habari za saa hizi wakuu. Nina kuku wa mayai 600, wako wiki ya 26, wanataga vizuri. Nataka kuachana na chakula cha mifuko nianze kutengeneza hapa hapa shambani. Stoo ipo, mita 4 kwa 6, sakafu ya zege, na umeme wa fezi tatu umeshafika.

Naomba msaada kwenye haya: kinu cha ukubwa gani? Mashine ya kuchanganyia nichukue ya kusimama au ya kulala? Ile ya kukandamiza chakula kiwe vidonge ni ya lazima? Na formula ya kilo 100 yenye vipimo kamili, maana nimechoka na "mahindi kiasi, pumba kiasi". Zaidi ya yote, wanaoanza huwa wanaharibu wapi? Mahindi, pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na soya mbichi ninapata kirahisi. Dagaa ni kwa msimu.

FundiShafti

Mkuu, kabla ya mashine piga hesabu ya tumbo. Kuku wa mayai anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Chukua 115: kuku 600 ni kilo 69 kwa siku, kilo 483 kwa wiki. Maana yake unachanganya nusu tani mara moja kwa wiki, na humo ndani mahindi ya kusaga ni kama kilo 250 tu. Kinu cha kilo 300 kwa saa kitamaliza kazi yako ya wiki asubuhi moja, kisha kilale siku sita.

Kwa hiyo usianze na kinu. Anza na mizani mbili na mashine ya kuchanganyia, mahindi yapeleke kwenye kinu cha karibu ambacho mwenyewe anakubali kubadilisha chekeche. Hilo la chekeche usilipuuze. Kinu cha unga wa kula kina matundu ya milimita 1 au chini ya hapo, na ukisagisha hivyo unarudi na vumbi: linaganda kwenye midomo ya kuku, linatia matope kwenye vyombo vya maji, na kuku wanalichambua wakitafuta punje. Kwa kuku wanaotaga, matundu ya milimita 4 hadi 6. Kwa vifaranga, milimita 3.

Ukiona baadaye kwamba lazima uwe na kinu chako, chukua cha nyundo chenye mota ya kilowati 7.5, yaani hospawa 10. Kwa mahindi makavu na chekeche ya milimita 4 au 5 kinatoa takribani kilo 300 hadi 500 kwa saa. Usidanganywe na kibandiko cha mashine kinachosema tani nzima kwa mota hiyo hiyo. Hesabu hiyo imefanywa kwa chekeche kubwa.

Mambo ya kukagua kabla hujalipa:

Mwendo wa ncha za nyundo. Hapa ndipo mahindi yanaposagika au kupondekapondeka. Pima kipenyo kutoka ncha ya nyundo hadi ncha ya nyundo ya upande wa pili zikiwa zimenyooka. Kikiwa sentimita 40 na shafti inazunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha inakwenda kama mita 63 kwa sekunde, na hapo ni pazuri. Ukitumia injini ya dizeli ya mizunguko 1,500, puli ya injini iwe na kipenyo mara mbili ya puli ya kinu, mfano sentimita 20 kwa 10. Watu wanafunga puli zilizo sawa halafu wanalaumu nyundo.

Nafasi kati ya ncha ya nyundo na chekeche iwe milimita 8 hadi 12. Ikiwa pana mno unga unazunguka ndani bila kutoka, unapata moto.

Sumaku mdomoni mwa hopa. Mahindi ya gunia huja na misumari na vipande vya waya, na msumari mmoja unachana chekeche yote. Chekeche ikichanika utaona punje nzima kwenye unga, basi simamisha.

Nyundo zenye matundu mawili zina pembe nne za kufanyia kazi: pembe moja ikilika na kuwa duara, geuza. Zikiisha zote badilisha seti nzima. Ukibadilisha moja moja rota inapoteza ulinganifu, kinu kinaanza kutetemeka, na beringi hazichukui muda zinakufa. Nyundo zinazokaa pande mbili zinazoelekeana zipimwe kwenye mizani ndogo, zilingane uzito.

Washa kinu kikiwa kitupu, kisubiri kifike kasi yake, ndipo uanze kulisha. Kuzima ni kinyume: acha kilichomo kitoke kwanza. Funga ampea-mita. Mota ya kilowati 7.5 ya fezi tatu inakula kama ampea 15 ikiwa na mzigo kamili, kwa hiyo lisha mpaka sindano ikaribie hapo na usipite. Unga ukitoka wa moto na wenye mvuke, angalia mambo matatu kwa mpangilio huu: unyevu wa mahindi, chekeche iliyoziba, kisha nyundo zilizolika.

Mashine ya vidonge achana nayo. Kuku wa mayai wanataga vizuri kabisa kwa chakula cha unga. Zile ndogo zenye sahani bapa zinadai unga laini ulionyunyiziwa maji, vidonge vinatoka na unyevu wa asilimia 15 hadi 17, na usipovikausha vishuke chini ya 13 kabla ya kufunga mfuko, unatengeneza ukungu kwa gharama yako mwenyewe.

Mizani

Naungana na Fundi, ila naongeza: mizani mbili maana yake moja ya jukwaa ya kilo 100 au 150, na nyingine ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Asiyekuwa na hiyo ya pili asianze. Na kupima kwa debe ni marufuku. Debe la pumba na debe la chokaa havikaribiani uzito hata kidogo, na pumba zenyewe hubadilika kila zinapotoka kinu tofauti.

Formula hii ni ya kuku anayetaga, kwa kilo 100:

Mahindi yaliyosagwa 51
Pumba za mahindi 6
Soya nzima iliyokaangwa na kusagwa 15
Mashudu ya alizeti 12
Dagaa waliosagwa 5
Chokaa ya mifugo 9
DCP 1
Chumvi 0.3
Premiksi ya kuku wa mayai 0.5
Methionini 0.1
Kifunga sumu 0.1

DCP ni unga wa madini wenye fosforasi na kalsiamu, premiksi ni mchanganyiko wa vitamini na madini, methionini ni kijenzi cha protini (sawa na lisini nitakayoitaja), na kifunga sumu ni cha kushika sumu za ukungu. Ukijumlisha unapata 100 kamili. Protini inatoka kama asilimia 16.6, nishati takribani kilokalori 2,700 kwa kilo, kalsiamu 3.8, fosforasi inayotumika mwilini karibu 0.39, lisini 0.8, methionini 0.43. Usiniamini, hesabu mwenyewe: zidisha kilo za kila kitu kwa asilimia yake ya protini, ugawe kwa 100, ujumlishe. Mahindi nimeyapa protini 8.5, pumba 10, soya 37, alizeti 28, dagaa 55. Mashudu ya alizeti yenye maganda mengi yanaweza kushuka hadi 20, na hapo hesabu yote inateleza kwa karibu asilimia moja. Kwa mzigo mkubwa wa mashudu au dagaa peleka sampuli maabara, nusu kilo iliyochotwa kutoka magunia mengi, si gunia la juu peke yake.

Premiksi soma kibandiko. Nimeweka ile ya kilo 5 kwa tani. Yako ikiwa ya kilo 2.5 kwa tani, weka 0.25 na nafasi iliyobaki jaza mahindi. Kuongeza premiksi "ili watage zaidi" hakuna faida, na vitamini D ikizidi sana inakuwa sumu.

Kwa mchanganyiko wa kilo 250 zidisha kila kitu kwa 2.5. Mahindi 127.5, pumba 15, soya 37.5, alizeti 30, dagaa 12.5, chokaa 22.5, DCP 2.5, chumvi gramu 750, premiksi gramu 1,250, methionini gramu 250, kifunga sumu gramu 250. Mara mbili kwa wiki, umemaliza.

Sasa kuchanganya, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Gramu 250 za methionini ndani ya kilo 250 ni sehemu moja kwa elfu. Ukiitupa tu juu ya lundo haifiki kila mahali hata mashine izunguke saa nzima. Itanue kwanza: weka premiksi, methionini, kifunga sumu na chumvi kwenye ndoo pamoja na kilo 2 za mahindi yaliyosagwa, changanya kwa mkono wenye glavu mpaka rangi iwe moja. Mimina kwenye kilo 10 za mahindi, changanya tena. Hizo kilo 14 na ushee ndizo zinaingia mashineni.

Mashine ya kusimama, yenye skrubu katikati, ndiyo inayokufaa kwa mzigo huu. Ya kulala inachanganya haraka na vizuri zaidi, dakika 4 hadi 6, lakini inataka mota kubwa na ni ghali. Ya kusimama unaiwasha ikiwa tupu. Tia nusu ya mahindi, kisha mashudu, soya, dagaa na pumba, kisha chokaa na DCP, kisha ule mchanganyiko wa ndoo, mwisho mahindi yaliyobaki. Anza kuhesabu dakika 15 baada ya kitu cha mwisho kuingia. Halafu fungua mlango wa chini, toa kilo 10 za kwanza, uzirudishe juu, zungusha dakika 3 nyingine. Kitako cha mashine hizi kina sehemu ambayo skrubu haifiki, na chokaa inapenda kulala pale.

Zaidi ya dakika 20 si bora zaidi. Chokaa ni nzito, ukizidisha inaanza kujitenga tena.

Umeme ukikatika mashine ikiwa imejaa, usiwashe tu utakaporudi. Skrubu iliyofukiwa inaunguza mota. Punguza mzigo kwanza.

Mchungaji_wa_Stoo

Asiye na mashine kabisa anaweza kuanza na beleshi, kwa kilo 100 hadi 150 kwa mara moja. Sakafu safi, si turubai maana linakunja vitu kwenye mikunjo. Tandaza kwa tabaka, mahindi chini, vingine juu yake, mchanganyiko wa ndoo tabaka la mwisho. Hamisha lundo lote kutoka upande huu kwenda ule, kila beleshi limwagwe juu ya ncha ya kilima kipya ili kiteremke pande zote. Rudia mara 5. Ni kazi ya jasho, lakini matokeo hayako mbali na mashine mbovu.

Kujua kama umechanganya sawa: chota sampuli 10 kutoka mifuko 10 tofauti, pima chumvi kwa karatasi za kupimia kloridi. Tafuta wastani, na tofauti za sampuli, kwa kanuni ya mkengeuko sanifu, zisizidi asilimia 10 ya wastani huo. Zikizidi, ongeza dakika au kagua skrubu iliyolika.

KukuMiaSita

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilivyotegemea. Maswali mawili. Soya yangu ni mbichi, nikiisaga tu bila kukaanga kuna ubaya gani? Na dagaa wakikosekana nifanye nini, niongeze soya kilo 5?

BwanaMashudu

Ubaya upo tena mkubwa. Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, kile kimeng'enya kinachovunja protini tumboni. Kuku anakula protini halafu inatoka kwenye kinyesi. Kongosho linavimba kwa kujaribu kufidia, mayai yanapungua na kuwa madogo. Na utatafuta ugonjwa kila mahali usiuone, kwa sababu uko kwenye kapu la soya.

Kukaanga: sufuria pana au pipa la kuzungusha kwa mkono, moto wa wastani, tabaka isiyozidi sentimita 3, koroga bila kuacha. Unataka punje zenyewe zifike kama nyuzi 115 hadi 120 za selsiasi, si sufuria. Zikifika hapo zirundike, uzifunike kwa gunia dakika 20 hadi 30 ili joto lipenye hadi katikati, ndipo uzitandaze zipoe. Pasua punje kadhaa kwa meno: rangi ndani iwe ya kahawia hafifu, sawa kote, ganda limelegea, na harufu ya karanga. Nje nyeusi ndani kijani maana yake moto ulikuwa mkali na kazi haikufanyika. Nyeusi kote maana yake lisini imeungua, na protini itasomeka sawa maabara wakati kuku hawaipati. Usisage soya ikiwa bado ya moto, mvuke wake unageuka maji ndani ya gunia.

Njia nyingine ni kuchemsha: maji yakishatokota hesabu dakika 30, mwaga maji, anika hadi ikauke kabisa. Matokeo ni mazuri, shida ni kukausha wakati wa mvua.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji maabara. Vizuizi hivyo vinakufa kwa joto karibu sawa na kimeng'enya kingine cha soya kiitwacho urease, ambacho hugeuza urea kuwa amonia. Weka kijiko kimoja cha soya iliyosagwa kwenye chupa ndogo, nusu kijiko cha mbolea ya urea, vijiko vitatu vya maji. Funga, acha mahali pa vuguvugu dakika 20, fungua unuse. Harufu kali ya amonia: bado mbichi. Harufu hafifu au hakuna: imeiva. Ila kipimo hiki hakikuambii kama umeiunguza, hilo liko kwenye macho yako. Chupa hiyo na urea yake ikae mbali kabisa na chakula.

Dagaa wakikosekana usibadilishe kilo kwa kilo. Dagaa hawaleti protini tu, wanaleta fosforasi, kalsiamu, methionini na chumvi. Kilo 100 bila dagaa ziwe hivi: mahindi 49.9, pumba 3, soya iliyokaangwa 23, mashudu ya alizeti 12, chokaa 9.3, DCP 1.7, chumvi 0.35, premiksi 0.5, methionini 0.15, kifunga sumu 0.1. Protini inabaki 16.4 na lisini karibu 0.79, mayai hayatashtuka.

Na kama utapata mashudu ya soya badala ya soya nzima, kumbuka yamekamuliwa mafuta. Protini ni 44 lakini nishati yake iko chini sana, kwa hiyo pumba zitoke, mahindi yaongezeke, na mara nyingi utahitaji kilo moja ya mafuta ya kula kwa kila kilo 100, yanyunyizwe mwishoni baada ya vitu vikavu kuchanganyika.

Dagaa wapimeni kwa maji. Gramu 100 ndani ya ndoo, koroga, acha dakika 5, mwaga polepole, kausha kilichobaki chini upime. Mchanga gramu 10 maana yake umenunua kilo moja ya ardhi kwa kila kilo kumi. Onja pia. Wakiwa na chumvi kali, toa chumvi yote kwenye formula, la sivyo kuku watakunywa maji mpaka kinyesi kiwe majimaji na matandazo yaloe. Na usivuke asilimia 10 ya dagaa, mayai yatanuka samaki.

Mashudu ya pamba usiwape wanaotaga hata yakiuzwa bei ya kutupa. Yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu za pamba, kiini cha yai kinageuka rangi ya kijani iliyofifia au kahawia baada ya kuhifadhiwa, na ute unaweza kuwa wa waridi.

Mizani

Nimesahau chokaa, na chokaa ndiyo ganda la yai. Theluthi mbili ya zile kilo 9 iwe ya punje za milimita 2 hadi 4, theluthi moja laini. Ganda hutengenezwa zaidi usiku, wakati kuku hali kitu. Punje kubwa zinakaa kwenye firigisi na kuyeyuka kidogo kidogo mpaka alfajiri. Laini inakuwa imeshapita. Ukitumia laini tupu utaona maganda membamba hasa kwa kuku wazee, na utaongeza chokaa bure.

Kuwa mwangalifu na neno lenyewe. Chokaa ya kupaka kuta imechomwa, inaunguza mdomo na koo la kuku. Unayotaka ni jiwe la chokaa lililosagwa tu bila kuchomwa. Idondoshee siki: inapaswa kutoa mapovu. Jiwe lenye magnesi nyingi linachelewa kutoa mapovu, na hilo linaharisha kuku na kulainisha maganda.

Chakula hiki kisifike kwa vifaranga wala mitemba. Kalsiamu 3.8 inaharibu figo za kuku ambaye hajaanza kutaga. Na hao wako 600 usiwabadilishie kwa siku moja: siku mbili robo ya chakula kipya, siku mbili nusu, siku mbili robo tatu, siku ya saba chote.

BwanaMashudu

Sumukuvu, yaani sumu za ukungu kama aflatoksini, imetajwa kwa kifunga sumu peke yake, na hapo naona watu watajidanganya. Kifunga sumu cha udongo wa bentonaiti kinashika aflatoksini kiasi fulani, sumu nyingine za ukungu kinaziacha. Kukaanga hakuiui, kusaga kunaisambaza, na mahindi yanaweza kuonekana safi huku yanayo. Kinga ni unyevu: pokea mahindi ya asilimia 13 au chini. Kuna kipimo cha chupa kavu na chumvi kavu, unatikisa na mahindi, chumvi ikishika kwenye kioo mahindi yana unyevu wa zaidi ya takribani 15. Kinafaa kukataa mzigo, hakifai kuukubali, kwa sababu mahindi ya 14 yatapita na bado yatavunda. Nunua kipima unyevu.

Punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye rangi ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu, kwa hiyo pepeta na uchambue kabla ya kusaga. Ulichochambua choma, usiwape bata. Bata wanaathirika na aflatoksini kuliko kuku.

Stoo: magunia juu ya chaga, sentimita 15 kutoka sakafuni, nusu mita kutoka ukutani ili upite na ufagio. Saga kinachotosha wiki moja. Mahindi mazima yanakaa, yaliyosagwa yanaanza kuharibika, na pumba pamoja na soya yenye mafuta zinachacha. Chakula kilichochanganywa kiishe ndani ya wiki mbili au tatu. Premiksi ikae gizani mahali pa baridi, mfuko ukishafunguliwa ufungwe vizuri na uandikwe tarehe.

KukuMiaSita

Nimeelewa. Nitaanza na mizani na ya kuchanganyia ya kilo 250. La mwisho: hapa kuna kondoo wachache na punda mmoja, na nitalea vifaranga wa nyama baadaye. Mashine hiyo hiyo naweza kuwachanganyia wote?

FundiShafti

Unaweza, kwa masharti. Premiksi nyingi za kuku na nguruwe zina shaba kiasi ambacho kondoo hawezi kukitoa mwilini. Inajikusanya kwenye ini miezi, halafu siku moja anakufa ghafla. Kwa punda ni hatari zaidi: dawa za kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo vinavyoharisha vifaranga) zinazowekwa kwenye chakula cha vifaranga, kama monensini na salinomisini, zinaua punda na farasi kwa kiasi kidogo sana. Salinomisini inaua bata mzinga pia. Na mbolea ya urea anayopewa ng'ombe isiingie kabisa kwenye stoo ya chakula cha kuku.

Panga zamu: kwanza chakula cha kondoo na punda mashine ikiwa safi, kisha cha kuku wanaotaga, mwisho kabisa cha vifaranga chenye dawa. Baada ya hicho cha mwisho gonga pande za mashine kwa nyundo ya mpira, fagia kitako, kisha zungusha kilo 15 za pumba tupu kwa dakika 5. Pumba hizo zifunge kwenye mfuko wenye maandishi, uzitumie kwenye mchanganyiko ujao wa vifaranga wenye dawa ile ile, zikihesabiwa ndani ya pumba za formula. Kwa punda mimi nisingeamini hata usafishaji huo, cha kwake changanya kwa beleshi, beleshi jingine.

Na ukifunga mashine, weka kinga juu ya mikanda kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Mkanda ukaze mpaka ukiubonyeza katikati ushuke kama milimita 16 kwa kila mita ya umbali kati ya puli. Ukilegea unateleza, skrubu inapoteza kasi, dakika zako 15 zinakuwa 10 bila wewe kujua.